Kadzo Chini ya Mstari

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Nimekisoma kitabu chote cha Swabaha! Jalada hadi jalada, na miwani yenyewe ina ufa. Mtu wa darasa la sita, kinyozi, amemaliza kitabu cha sheria kwa siku moja. Waje mawakili wote wa mji huu wanipe mkono.

Haya, si kweli. Nimesoma jalada. Nimesoma ukurasa wa shukurani — nimo, baada ya Mwenyezi Mungu na kabla ya mamake, mahali pazuri. Kisha nikarukia mwisho, kwenye orodha ndefu ya watu na vitabu, nikamtafuta Kadzo. Kwenye K hayumo. Nikadhani wamemweka kwa jina la babake, nikenda kwenye C, Chonga. Hayumo. Hapo katikati nikapekuapekua, nikala mahamri, nikalala.

Kadzo ni mke wangu. Marehemu sasa, Mungu amrehemu. Siku ya ndoa kadhi alimpa jina jingine, hakuliitikia hata siku moja. Swabaha ni mjukuu wetu, asomea sheria, shahada ya pili. Kitabu chake (wenyewe wakiita tasnifu) chahusu nyumba za hapa kwetu, zile ambazo nyumba ni yako na ardhi ni ya mwingine, na vile watu walivyouziana kwa mdomo mbele ya mashahidi. Na sura ya nne yote — yote! — imetoka kinywani mwa Kadzo, ikaja kwangu, nami nikaisema mbele ya simu ya Swabaha mpaka koo likanikauka.

Sasa yuko wapi?

Jumanne, 2 Septemba

Amekuja baada ya alasiri na mfuko wa machungwa ya sokoni Marikiti. Rushwa.

Nikamuuliza. Akafungua ukurasa, akaniwekea kidole kwenye kinambari kidogo kimekaa juu ya neno kama nzi. Kisha chini kabisa, chini ya mstari: Mahojiano na Mhojiwa wa 4, Mombasa.

"Mhojiwa wa Nne ndiye nani?"

"Ndiwe wewe, Babu."

"Na bibi yako?"

Akamenya chungwa.

"Na huyu Ibid ni nani? Yumo kila ukurasa. Ana jamaa zake hapo chuo kikuu?"

Alicheka mpaka akashika ukuta. Si mtu, asema. Ni neno la kusema "palepale nilipokwisha kutaja". Basi neno lisilo mama wala baba latajwa kitabu kizima, na mwanamke aliyezaa watoto watano hatajwi hata mara moja!

Akanieleza taratibu, kama mtu amwelezaye mgonjwa. Nilivyoelewa mimi ni hivi. Hawa wasomi wana namna mbili za kusema "haya nimeyatoa kwa fulani". Wanasheria husema chini ya mstari: kesi, mwaka, ukurasa. Wale wanaochunguza maisha ya watu husema ndani ya mabano, jina na mwaka, kisha majina yote hupangwa mwishoni. Kitabu cha Swabaha nusu ni kesi na nusu ni watu, basi akazichanganya zote mbili. Msimamizi wake, Daktari Truphosa — daktari asiyedunga sindano — amekataa. Ati ni ugali na wali kwenye sahani moja. Mimi nala! Lakini hapana, lazima iwe namna moja, ya chini ya mstari, au hatii sahihi.

Na Kadzo je? Kwa namna ya wanasheria, aliyehojiwa hufichwa jina, hupewa nambari. Swabaha aliahidi hivyo kabla hajaanza kuuliza watu. Kwa namna ya mabano, maneno ya kuambiwa tu hayaingii kwenye ile orodha ya mwisho, kwa kuwa msomaji hawezi kwenda kuyatafuta. Milango miwili, na yote imefungwa usoni pa mke wangu.

Nikasema, "Mimi nifichwe kwa nini? Nimeiba kuku wa nani?"

Nikasema tena, iko namna ya tatu. Chuoni kwetu, cha Kurani, tulipokuwa tukisoma juu ya mkeka, mwalimu hakukwambia neno bila kukwambia amelipata kwa nani, na huyo alilipata kwa nani, na kama ni mtu mkweli au mpayukaji. Mlolongo mzima, mtu kwa mtu. Hiyo ndiyo namna. Kadzo aingie hivyo.

"Babu," akasema, "hiyo Daktari hawezi kuikubali."

"Hajaulizwa."

"Na wala hataulizwa."

Akaenda zake. Machungwa yenyewe machachu.

Alhamisi, 4 Septemba

Nimewaeleza barazani. Kavumbi, mstaafu wa reli, mdomo mrefu kuliko reli yenyewe, akasema, "Wewe hata bili ya stima wasomewa, leo wasahihisha chuo kikuu?"

Nikamwambia nimezishika shingo za mawakili wengi mji huu, wembe mkononi, na hapana hata mmoja aliyenibishia.

Akauliza, kwani huyo Kadzo alisema nini cha ajabu? Nikamwambia, wayajua. Nyote mwayajua, mmesahau tu aliyewaambia. Kichochoro chetu nyumba zaegemeana, ukuta mmoja watu wawili. Nyumba ikiuzwa huitwa kwanza jirani wa ukuta. Muuzaji, mnunuzi na jirani, wote huweka kiganja ukutani kwa pamoja, na jirani husema: huu ni wetu sote, na hapa ndipo wangu uishiapo. Kisha kahawa. Asiyeweka mkono hakununua kitu. Na lazima awepo mtu wa kando wa kushuhudia, naye aweke mkono wake baada yao. Kadzo alikuwa mlangoni kila jioni na karai lake la bhajia. Basi mtaa mzima ukisema, "Mwiteni Kadzo." Akenda, akarudi, bhajia hazijaungua.

Na hakuona tu. Alikuwa akijua kwa nini. Alifunzwa na Bi Kiti, mwanamke wa Kigiriama kama yeye, aliyekaa nyumba yetu ya wakati ule kabla yetu.

Kavumbi akakuna kidevu. Kisha: "Bhajia zake zilikuwa na chumvi nyingi."

Nikamwambia, "Ibid."

Alidhani nimemtukana. Na kweli.

Jumatatu, 8 Septemba

Nimekwenda kwa Daktari Truphosa mwenyewe! Kanzu ya Idi, kofia ya vito, mkongojo wa kujitia uzee. Swabaha hajui.

Mwembe Tayari wale makuli wa mabasi wamenishika mkono wataka kunipakia niende Kisumu. Nikawauliza, huko Kisumu wana chuo cha sheria? Wakaniacha.

Mlangoni nikakutana na askari, kijana wa bara, jina lake Crispus. Mpole. Lakini kichwa! Kama shamba lililoliwa na mbuzi. Asema Jumatano aitwa bandarini kwa mahojiano ya kazi. Nikamwambia, kwa kichwa hicho watakupa kazi ya kutisha ndege. Mimi sitoki nyumbani bila mkasi na kitana. Daktari alikuwa darasani, basi nikamkalisha Crispus kwenye kigoda nyuma ya geti, nikamtengeneza. Alipojitazama kwenye kioo cha gari la watu alitaka kulia. "Mzee wangu," akasema, "hii nitakulipa wema. Ukiwa na shida yoyote jengo hili, niite."

Ahadi hiyo nimeiweka.

Daktari Truphosa si simba kama nilivyodhani. Ameinuka, amenipa kiti, ameagiza chai. Nilikuja kugombana nikapewa chai! Mbinu chafu.

Nikamwambia yangu yote. Akasikiliza, kidole shavuni. Kisha akasema, "Mzee, sina ugomvi na marehemu mkeo. Nikuulize kama hakimu. Shahidi mwenyewe amefariki. Aliyemsikia ni mumewe. Anayeandika ni mjukuu wake. Ungepokea ushahidi huo?"

"Ningeuliza kwanza nani mwingine alikuwapo."

"Nani?"

"Ukuta."

Alicheka, lakini kicheko cha mtu asiyebadilisha nia. Akasema Swabaha ana kazi yamngoja, ofisi ya msaada wa sheria, yaanza Oktoba, na hawampi bila matokeo. Watahini wakiona namna mbili tatu zimechanganywa kitabuni watakirudisha, na mwaka utapotea. "Wataka apoteze kazi kwa ajili ya jina moja chini ya ukurasa?"

Chai haikuwa na tangawizi.

Jumapili, 14 Septemba

Nimewaza wiki nzima. Yule mama ana haki yake. Nami nina yangu.

Tena kuna jambo lanikera kuliko yote. Kitabu kizima cha Swabaha chapiga kelele kwamba shahidi wa mdomo ahishimiwe kama shahidi wa karatasi. Kisha shahidi wa mdomo mwenyewe humohumo aitwa Nambari Nne! Nimempigia simu nikamwambia hivyo. Akasema, "Babu, nina usingizi."

Mtu akishindwa husinzia.

Nina wazo. Silisemi hata hapa.

Jumatatu, 15 Septemba

Nimelifanya.

Swabaha amekiacha kitabu kwenye flashi kwa Zakariya, mwenye duka la kuchapa na kufunga vitabu kule Makadara. Nakala za watahini zatoka leo. Akaniomba mimi nikazichukue, yeye yuko mahakamani kutazama kesi. Mimi! Paka katumwa kwenye samaki.

Zakariya nimemnyoa tangu nywele za kuzaliwa. Nikamwambia fungua sura ya nne, pale kwenye ukuta. Akafungua. Nikamwambia futa huyo Mhojiwa wa Nne, andika ninayokutajia.

"Babu Hussam, Swabaha ajua?"

"Mungu ajua."

"Si ndilo swali."

"Wewe ulipokuwa na chawa, nani alijua? Nilimwambia mtu?"

Akaandika. Nayanakili hapa kwa mkono wangu, nisije nikasahau:

Haya nimeyasikia mimi, Hussam, kinyozi wa Kibokoni, kwa mke wangu Kadzo wa Chonga, aliyeyaona kwa macho yake na akautia mkono wake ukutani, naye alifunzwa na Bi Kiti, jirani wa ukuta kabla yake. Kadzo hakupata kusema uwongo ila kuhusu umri wake.

Mashine ikatema karatasi. Kurasa moto kama mkate. Nikamwona pale, chini ya mstari, herufi ndogo ndogo. Kadzo.

Nilikaa kidogo kwenye kiti cha Zakariya. Akaniuliza kama nataka maji.

Jumatano, 17 Septemba

Nakala zimekwenda kwa watahini. Swabaha amenishukuru kwa kuzichukua! Amenibusu mkono. Nimekula chakula cha mchana vizuri sana.

Ijumaa, 19 Septemba

Mambo yamelipuka.

Baada ya sala nimerudi, namkuta amekaa barazani kwangu, hakuvua viatu, hakusema shikamoo. Kitabu pajani, kimefunguliwa pale.

"Babu, hii ni nini?"

"Ni bibi yako."

Daktari Truphosa amempigia simu. Amesoma mpaka pale akadhani ni mzaha wa mwanafunzi mwenzake. Amemwambia: una mpaka Alhamisi, siku ya kusimama mbele ya watahini. Ama ulete ukurasa mpya ubandikwe juu ya huu na uombe radhi, ama usimame uutetee mwenyewe. Mimi sitakusaidia.

"Umeniua," Swabaha akasema. "Wajua umefanya nini? Mimi nimebadilisha kitabu kizima kuwa namna moja. Nimekesha nacho. Sasa katikati mna kitu ambacho hakina namna, hakina tarehe, hakina ukurasa, kina chawa wa Zakariya — ameniambia yote!"

"Chawa sikuwataja."

"Na si huyo mmoja! Baada yake wafuata Ibid. Tazama! Ibid, Ibid, Ibid, Ibid. Wote hao walikuwa ni wewe. Sasa wote ni Bibi!"

Sikuwa nalijua hilo. Wallahi sikulijua. Nikautazama ukurasa. Palepale. Palepale. Palepale. Palepale. Sura nzima yamwitikia Kadzo.

Nilijaribu kutofurahi. Uso ukanisaliti.

Akainuka, akaniambia maneno ambayo sitayaandika, kisha akalia, kisha akaondoka na viatu vyake miguuni.

Nilimwambia nitakwenda mwenyewe kwa watahini niseme ni mimi. Akajibu akiwa amefika pembeni mwa kichochoro, "Usisogee karibu na jengo lile!"

Jumamosi, 20 Septemba

Hakuja.

Siombi radhi. Nasema tu hakuja.

Jumatatu, 22 Septemba

Zakariya amepita. Asema Swabaha alikwenda jana dukani akachapisha ukurasa mpya. Mhojiwa wa 4 amerudi kitini pake, na akina Ibid wake nyuma. Nakala tatu, moja ya kila mtahini na moja ya Daktari. Akanunua na gundi.

"Amezibandika?"

"Amezitia mfukoni. Alisema atazibandika mwenyewe."

"Uso wake ulikuwaje?"

"Wa bibi yake akikatazwa kitu."

Nikamfukuza. Kavumbi alikuwepo, amesikia, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakutania. Alisema tu, "Lakini mwenzangu, kazi ya mtoto." Nami nikasema najua. Najua! Kwani mimi jiwe? Asipoipata kazi ile nitaiona kila asubuhi kwenye uso wake.

Lakini pia kila jioni mimi hupita kwenye nyumba yetu ya zamani, pale mlangoni lilipokuwa karai. Wamepaka rangi. Mwenye nyumba wa sasa ni kijana mzuri, anisalimu vizuri, na hamjui Kadzo ni nani. Ukuta auegemea akizungumza na simu.

Jumatano, 24 Septemba

Magharibi amekuja. Amevua viatu. Shikamoo — kavu, lakini ipo.

Hakukaa. Amesimama mlangoni, akauliza swali moja tu.

"Bibi alikuwa akiweka mkono gani ukutani?"

"Wa kushoto."

"Kwa nini wa kushoto? Watu si huweka wa kulia?"

"Wa kulia ulikuwa na unga wa bhajia."

Akanitazama. Nilidhani atacheka, hakucheka. Akauliza, habari ya huo unga niliisikia kwa nani, au nimebuni mimi? Nikamwambia sikuambiwa, nimeuona mwenyewe, vidole vyote vya manjano, na watu wenye kanzu nyeupe wakimkwepa wasichafuke. Hapo mlolongo ni mfupi: ni mimi na macho yangu.

"Na kesho wafanya nini?" nikauliza. "Umeubandika ule ukurasa?"

"Babu, usije kesho."

"Haya," nikasema.

Alhamisi, 25 Septemba

Naandika kwa penseli, juu ya goti, kwenye benchi la koridoni, ghorofa ya tatu. Nilisema "haya". Sikusema sitakuja.

Crispus ndiye aliyenipandisha. Bandarini hawajamjibu, bado yuko hapa, nywele zimekaa vizuri. Amenikalisha nje ya dirisha la vioo la chumba chenyewe, akasema nikae kimya kama kiti. Ndani wamewasha mashine ya baridi, dirisha limefungwa. Naona kila kitu, sisikii kitu! Ni kama kutazama samaki.

Swabaha amesimama, buibui jipya. Daktari Truphosa mwisho wa meza. Watahini wawili: mwanamke wa miwani, na mwanamume mwenye upara. Huyo upara sina la kumfanyia.

Nakala ziko mbele yao. Kutoka hapa siwezi kuona kama pana gundi.

Wamemuuliza mambo mengi. Ajibu, mikono yacheza. Mwanamke wa miwani ametikisa kichwa kukubali. Vyema. Swabaha amekunywa maji.

Mwenye upara afungua. Afungua tena. Amefika katikati.

Amesimama ukurasa mmoja. Ametia kidole. Kidole kiko chini. Chini kabisa.

Auliza kitu. Kirefu. Mdomo wake hauna raha wala hasira, mdomo wa hakimu. Swabaha amtazama Daktari Truphosa. Daktari atazama karatasi zake. Si alisema hatamsaidia? Mwanamke mwenye neno lake, huyo. Namchukia na namhishimu.

Swabaha kimya.

Sema kitu, mwanangu! Sema ni mzaha wa mzee. Sema ni Zakariya. Mimi sitakasirika — nitakasirika, lakini yatapita. Ipate kazi yako.

Aondoka mezani. Aenda wapi? Hatoki, mlango uko upande huu. Aenda ukutani. Asema nao huku amewapa mgongo. Ameinua mkono, ameweka kiganja.

Wa kushoto.

Wa kulia ameushika mbali na buibui, vidole vimetanuka, kama una unga.

Mwenye upara ainuka! Hana furaha, hana chuki, aenda tu huko ukutani. Mwanamke naye asukuma kiti. Daktari Truphosa ameinua kichwa na asema kitu, neno moja, midomo yafunguka, yafungana — ni jina? Ni "basi"? Siwezi kujua! Wote wasema sasa, wote kwa pamoja, na mimi hapa na kioo puani.

Crispus. Crispus, mwanangu, njoo hapa. Taratibu, wasituone. Kile kichwa chako bado kimependeza, sivyo? Basi nifungulie dirisha hili. Kidogo tu. Upana wa sikio.